Nusu ya Maisha Yake

Mwanangu Kanana,

Sitaandika kwamba mimi mzima sijui wewe, kwa sababu asubuhi nimekuona ukinywa uji umesimama, kikombe mkono huu na orodha yako mkono ule, na wewe umeniona nikitafuta kofia ambayo nilikuwa nimeivaa. Tuko wazima sote wawili. Sasa umeenda Nkubu kumuaga shangazi yako na kununua sabuni, na ninavyomjua shangazi yako hutatoka kwake kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina mchana wote. Nimekaa mezani na kalamu yako ya bluu, na karatasi nimezitoa katikati ya daftari lako la zamani. Ukilikuta limekonda ujue ni mimi.

Mambo ya safari siandiki. Shuka, ndoo, picha ndogo, barua ya chuo, hayo yote umeyapanga kuliko ambavyo ningeyapanga mimi. Kesho nitakubebea sanduku mpaka barabarani na nitasema machache, kama kawaida yangu. Barua hii utaikuta chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitambaa cha kichwa cha mama yako. Nitaiweka huko ili usiifikie kabla hujatoa vitu vingine vyote, na ukishavitoa vyote utakuwa umeshafika.

Utajiuliza mbona Kiswahili, na nyumbani tunaongea Kimeru. Kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, kule ngumbaru kanisani, nikiwa na mvi tayari, na mwalimu alisema mbele ya watu kwamba kati ya wazee wote mimi ndiye pekee niliyemaliza kitabu bila kulala. Halafu Kiswahili changu si cha kuokota sokoni. Nilibeba magunia bandarini Mombasa miaka saba, minne kati yake nikiwa mnyapara, na watu wa kule waliniuliza nimezaliwa Kisauni au Likoni. Hayo umeyasikia mpaka umechoka. Leo nayarudia kwa sababu nyingine. Kosa ninalotaka kukuambia nililifanya kwa Kiswahili, na nimeona niliseme kwa lugha ileile.

Jumapili iliyopita ulisimama kanisani wakati wanakuombea. Ulisema, "Mama yangu aliuawa na mashine iliyoishiwa nguvu. Naenda kusomea mashine hizo ili mama wa mtu mwingine asipoteze maisha kama yeye." Wanawake walilia. Mzee wa kanisa alinishika bega akasema nimelea. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Kanana, maneno hayo uliyapata kwangu, na si ya kweli.

Unakwenda kujifunza kazi hiyo Nairobi, na watawapeleka mazoezini kwenye hospitali ileile. Utayasema tena maneno hayo, nakujua, wewe ukishika neno huliachi, umetoka kwangu. Utayasema mbele ya watu waliomtibu mama yako, au mbele ya kitabu chao. Watafungua kitabu, watalitafuta jina lake, na utasoma mwenyewe ni nani aliyemtoa hospitalini. Sitaki ulisome huko kwanza, umezungukwa na wageni.

Ulikuwa darasa la tano. Sisi tulilelewa kwamba baba haongei na binti yake ugonjwa wa kike, kwa hiyo wewe uliambiwa ni tumbo. Ilikuwa saratani, ya kule watoto wanakopitia kuja. Masista walimpima, wakatupa barua twende Nairobi kwenye mashine ya kobalti. Huko wakasema siku ishirini na tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano. Walimchora mistari ya wino wa zambarau tumboni na kiunoni, wakamwambia asiisugue akioga, maana mashine inafuata mistari ile kama fundi cherehani anavyofuata chaki. Tukapewa kadi yenye visanduku ishirini na vitano. Kila akitoka, kisanduku kimoja kinatiwa sahihi.

Tulilala kwa mjomba wako, chumba kimoja, pazia katikati. Mjomba wako alikuwa mwema kwetu. Hilo nalisema sasa. Wakati ule nilisema ni mtu wa dharau, kwa sababu mkewe aliniomba nivue viatu mlangoni.

Siku ya sita au ya saba nikaona kitu. Mama mmoja wa kanisani kwetu alishatibiwa pale zamani, na alituambia unalala kidogo tu, unaambiwa inuka. Lakini mama yako alikuwa anakaa mle ndani mpaka nafikiri wamemsahau. Nikamfuata yule kijana wa mashine, kijana wa pwani, mwembamba, mwenye adabu.

"Kijana," nikasema, "mbona mke wangu anakaa sana kuliko watu wa zamani?"

"Ni kobalti, mzee wangu," akasema. "Nguvu yake imepungua. Nusu ya maisha yake ni miaka mitano na ushei. Lakini usiwe na hofu, bado ipo. Tunaongeza dakika tu."

Palikuwa na muuguzi karibu, msichana wetu wa Kiirua, alikuwa anakunja mashuka. Aliona uso wangu. Akaniuliza kwa Kimeru, taratibu, ili wengine wasisikie, "Mzee, umeelewa? Nikuelezee?"

Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie. "Msichana, mimi nilikuwa naongea Kiswahili kabla mama yako hajaolewa."

Kijana wa pwani akacheka. "Mzee ana Kiswahili cha kwetu kabisa."

Nilivimba, Kanana. Nilirudi kwenye benchi nimevimba kama mkate. Sikuuliza tena.

Liangalie hilo neno, yake. Nguvu yake, maisha yake. Kijana alikuwa anasema habari za kobalti, kile chuma kilichofichwa ndani ya kichwa cha mashine. Mimi nilidhani kobalti ni jina la matibabu tu, kama mtu anavyosema sindano. Nikalichukua lile "yake" nikamvika mama yako. Nguvu yake imepungua: kweli, nilikuwa namwona akishika ukuta. Nusu ya maisha yake ni miaka mitano: basi maisha yake yote yaliyobaki ni kumi. Bado ipo: ile nusu haiguswi.

Na kwa vile mimi ni hodari wa hesabu za kichwa, niligawia watu arobaini magunia bila kalamu na hakuna aliyelalamika, nikaendelea kupiga hesabu palepale kwenye benchi. Siku ishirini na tano zinampa miaka kumi. Nusu ya siku zinampa miaka mitano. Niliona ni hesabu safi. Sikumwambia mtu.

Sasa, nyumbani kiwanda cha kahawa kilikuwa kinachagua kamati. Nilikuwa nimelitaka jambo hilo miaka mingi. Mtu akatoka kwetu akanipa habari kwamba yule jirani yetu wa bondeni, aliyekuwa anashindana nami, anasema kiwandani, "Mzee wetu hodari amehamia Nairobi kuosha sufuria za shemeji yake." Watu walicheka siku nzima, akasema. Sikulala. Si kwa ajili ya mama yako aliyekuwa anatapika upande wa pili wa pazia. Kwa ajili ya kicheko cha watu wa kiwandani.

Nilingoja mpaka siku ya kumi na tatu. Nusu ya ishirini na tano ni kumi na mbili na nusu, nami sikutaka tupunjwe. Alipotoka siku hiyo nilikuwa nimeshafunga mzigo.

"Zimebaki kumi na mbili," mama yako akasema. Alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika kadi kwa mikono miwili.

"Hizo ni za miaka ile mitano ya mwisho. Tutazifuata baadaye."

"Daktari ndiye amesema?"

"Nimesikia kwa masikio yangu. Nusu ya maisha yako ni miaka mitano, na ipo."

"Alisema kwa Kiswahili?"

"Cha pwani."

"Basi kama ni Kiswahili cha pwani," akasema, akainuka. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka. Tulitoka bila kumuaga mtu. Kijana wa pwani lazima alituita kesho yake, akaita tena.

Basi lilisimama Embu. Mama yako akaniambia anashuka kidogo. Nikamwona kupitia dirishani akiongea na mtu wa miche, kisha akageuka akaniinulia vidole vitano, anatabasamu. Akarudi na miche sita ya makadamia, mizizi imefungwa kwa majani ya ndizi, akaipakata mpaka Nkubu kama watoto.

"Anasema inazaa mwaka wa tano ukiitunza," akaniambia. "Nitavuna mara moja."

"Utavuna mara mbili, mara tatu," nikasema. "Hiyo ni nusu tu."

"Mara moja inatosha."

Uchaguzi nilishinda. Walinibeba juu kutoka kiwandani mpaka kwenye maduka, wewe ulikimbia mbele unapiga kelele jina langu. Nilikaa kwenye kamati ile mwaka mmoja na miezi, wakaniondoa kwa kelele zilezile. Hiyo ndiyo bei ya zile siku kumi na mbili. Najua watu waliofanya mabaya kwa ajili ya shamba, au kwa njaa. Mimi nilifanya ili nikae kwenye kiti cha mbao karibu na mizani niwaambie watu buni yao ni mbichi.

Hapa ningeweza kusema sikujua. Ndivyo nilivyojiambia kwa muda. Lakini unamkumbuka yule msichana wa sweta ya bluu aliyekuja akakuletea biskuti? Alikuwa yule muuguzi wa Kiirua. Alikuwa likizo kwao, akapanda gari mpaka Nkubu, akaulizia sokoni, akatembea ule mlima wote peke yake. Ilikuwa wiki ya tatu tangu turudi. Nilikuwa nje nakarabati ua, nikamwona anaingia, na mguu wangu ulitaka kukimbia.

"Mzee, muga," akanisalimia kwa Kimeru. "Nimekuja kumwona mama. Nafasi yake bado ipo. Mkirudi wiki hii madaktari wataangalia watafanya nini."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi rudi ukawaambie hakuna aliyekupokea. Mke wangu ana miaka mitano. Nimeambiwa na mwenye mashine."

Akaniangalia. "Mzee, pale hospitali hakuna mtu anayejua miaka ya mtu. Alikuambia nini hasa? Niambie maneno yenyewe."

Yalikuwa mdomoni, Kanana. Ningeyatamka tu kama nilivyoyasikia, angeyapindua mara moja yakakaa sawa. Maneno hayafiki thelathini. Lakini ningeyatamka mbele ya msichana mdogo na yeye anisahihishe Kiswahili, uani kwangu, mwanakamati mzima. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa unakunja mashuka, ungesikia nini?"

Mama yako akatoka jikoni. Alikuwa amesikia. Akamsalimia, kisha akavuta leso yake pembeni kidogo, pale kiunoni, akamwonyesha. "Mistari yangu bado ipo," akasema. "Naoga kwa kuizunguka. Tukirudi watajua njia."

Nikamwambia aingie ndani. Akaingia.

Wewe ulikuwa mlangoni unakula biskuti. Huenda uliona yote hayo lakini hukuyaelewa. Sasa unajua ulichokiona.

Alikufa baada ya miezi kumi na mmoja. Miche ilikuwa imefika kwenye goti. Alipoanza kutoka damu tena nilisema ni kazi nyingi, na alipokonda nilisema ni mboga za msimu huu, na alipokuwa hawezi kukaa nilisema kijana wa pwani ni mwongo. Nilikasirika kweli. Niliahidiwa miaka mitano! Kwenye mazishi nikawaambia watu mashine ya Nairobi ilikuwa imezeeka, imeishiwa nguvu, ikamchoma bure, wakaturudisha. Watu walitikisa vichwa. Hilo "wakaturudisha" nilijua ni uongo tangu linatoka mdomoni. Mengine niliyaamini. Na wewe ulikuwa umesimama pale na gauni la shule, unameza kila neno.

Nenda mbele sasa mpaka mwaka ule wa kidato cha nne. Jioni moja ulikuwa unajisomea jikoni, na kwa sababu mimi huuliza maswali ya kejeli ukaamua kunifundisha fizikia. Ulihesabu punje mia za mahindi, ukazipaka mkaa upande mmoja, ukazitia kwenye ungo.

"Baba, tikisa," ukasema. "Zilizolala mkaa juu, toa."

Nikatikisa, tukatoa, zikabaki karibu hamsini. Nikatikisa tena, zikabaki ishirini na kitu. Tena, kumi na mbili. Ukaniambia kuna vitu duniani ambavyo vinajimaliza vyenyewe namna hiyo, vinatoa mionzi, na hakuna anayeweza kusema punje ipi itatoka, lakini nusu itatoka kwa wakati wake, moto usivichome, baridi isivizuie. Nilifurahi. Mimi napenda kitu kisichosikia la mtu. Ukanisomea kutoka daftarini. Urani, miaka bilioni nne na nusu. Nikasema hiyo ni hesabu ya Mungu, achana nayo. Kaboni, miaka elfu tano na mia saba, wanapimia umri wa mifupa ya kale. Nikasema wampime chifu wetu, kila uchaguzi anazaliwa upya. Iodini, siku nane, wanampa mtu mwenye rovu aimeze, inakimbilia shingoni yenyewe. Nyingine ya kupigia picha mifupa, saa sita tu. Nikasema ukiipakia asubuhi kwenye basi la Meru, ikifika Nairobi karibu nusu imeshashuka njiani. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Ulicheka kama mama yako, mdomo umefunikwa.

"Na hii ndiyo yetu," ukasema. "Kobalti sitini. Ile ya mama. Hafu-laifu yake miaka mitano na robo."

"Hafu nini?"

"Hafu-laifu. Nusu ya maisha yake."

Mkono wangu ulikuwa kwenye ungo.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya kobalti, Baba. Ndiyo maana mashine ikizeeka mgonjwa analala muda mrefu zaidi. Dawa inakuwa ileile, dakika tu zinaongezwa." Ukafunga daftari. "Lakini ile ya mama lazima ilikuwa imeisha kabisa. Ndiyo maana waliwarudisha, si ndiyo?"

Nikasema mbuzi analia. Ukasema husikii mbuzi. Nikatoka. Nilisimama nyuma ya banda, na mbuzi alikuwa amelala ananitazama.

Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni kwenu. Ulidhani ni karo. Nilimtafuta mwalimu wako wa fizikia, nikamkuta anakula mahindi ya kuchoma, nikamuuliza, "Mwalimu, nusu ya maisha ya miaka mitano, ni ya kobalti au ya mgonjwa?"

Akacheka, kwa heshima lakini akacheka. "Ya kobalti, mzee. Mgonjwa atakuwaje na hafu-laifu?"

Hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yangu niliyouliza kitu mara ya pili. Nilichelewa karibu miaka saba.

Tangu siku hiyo mpaka leo ni mwaka na zaidi, nami nimekaa kimya. Nilikuona unajaza fomu za chuo, ukaandika kwa nini unataka kazi hiyo, ukanisomea, nikasema mwandiko mzuri. Ningekuambia siku hiyo huenda ungechagua kazi nyingine. Nilitaka uchague hiyo. Hapa pia sikuwa mwema: niliwaza kwamba ukienda kuisimamia ile mashine, kuna kitu kitakuwa kimelipwa. Hakuna kinacholipwa hivyo. Wewe ukitibu watu elfu, yeye bado aliingia ndani nilipomwambia aingie.

Sikuombi msamaha. Usiniletee pia yale maneno ya wema, kwamba sikusoma, kwamba ni lugha. Nilikuwa na mtu wa Kimeru mbele yangu mara mbili. Na usije ukasema huenda angekufa tu. Hilo nimejiambia mwenyewe, tena mara nyingi kuliko sala, na huenda ni kweli, na halinisaidii kitu, kwa sababu mimi sikuwa namtoa nikijua atakufa tu. Nilimtoa nikidhani ana miaka kumi, nikampunguzia mitano ili nikae karibu na mizani.

Kitu kimoja tu nataka ukichukue, na si cha kuongoza maisha yako, ni cha kazi. Siku moja atakuja mzee kutoka huku kwetu, amevaa kofia, amenyoosha shingo, ana mke anayeshika ukuta. Atakuuliza swali na atajifanya ameelewa kabla hujamaliza. Usimwambie "yake". Mwambie: ya mashine. Mwambie: ya mama huyu. Kitaje kitu kwa jina. Halafu mwambie akurudishie maneno kwa kinywa chake, hata akikutukana. Atakutukana. Msichana wa Kiirua nilimtukana, akaondoka na miguu yake mpaka Nkubu, na sikumpa hata maji. Ukimkuta huko, sijui umwambie nini. Mwambie alikunja mashuka vizuri.

Makadamia yaliyobaki ni matatu. Mawili mbuzi walikula yakiwa machanga, moja lilikwenda na udongo wakati wa mvua za Elinino. Haya matatu yamezaa mwaka huu kwa mara ya kwanza. Ulipasua moja kwa jiwe ukala, ukasema ni tamu kama nazi, ukanipa, nikasema meno yangu ni mabovu. Meno yangu ni mazima, unajua, mimi nafungua soda kwa meno.

Nakumbuka jambo jingine la ule ungo. Kabla sijatoka kwa ajili ya mbuzi asiyelia, tulikuwa tumebakiwa na punje moja. Tulitikisa, ikalala upande mweupe. Tukatikisa, mweupe. Mara nne, mara tano. Ukasema, "Hii Baba imekataa kama wewe," ukasema pia kwamba kwenye hesabu za kitabu nusu hukatwa nusu na nusu tena, na haifiki kwenye hakuna. Nilikuwa nimefikiri jambo kama langu litapungua na miaka. Lilipungua, mwanzoni. Sasa limebaki hilo dogo, naona halitikisiki.

Shangazi yako lazima ameshakuachia, nasikia mbwa wa jirani anabweka upande wa njia. Nitaikunja hii. Kesho ukiona siongei barabarani usiniulize, panda gari. Krismasi sitakutegemea. Ukija, mlango unaujua. Usipokuja nitawaambia watu una kazi nyingi, huo uongo nauweza.

Ndani ya kitambaa hicho kuna kadi. Mama yako aliiweka kwenye Biblia na hakuitoa tena. Ni ya rangi ya maziwa, imepasuka pembe moja, ina sahihi kumi na tatu za kijana wa pwani, mwandiko wake mzuri, umelala upande mmoja. Vile visanduku vingine kumi na viwili viko vitupu. Nimekaa navyo leo mchana na kalamu yako mkononi, na mimi ndiye mzee aliyemaliza kitabu bila kulala, na sikupata cha kuandika humo.

Ni mimi,
Baba yako